Andy Reid na ile karatasi mdomoni

Mkuu, umeuliza kocha wa mpira wa Kimarekani ana kazi gani hasa, na kwa nini Andy Reid anasifiwa hivyo wakati timu ya Philadelphia walimtimua. Mimi niko Kansas City tangu 2012, na hapa usipoijua Chiefs, timu ya mji anayoifundisha Reid, huna stori na mtu. Nakujibu kwa nilivyoona.

Kwanza msahau kocha wa soka anayepiga kelele pembeni huku wachezaji wakifanya yao. Huku mchezo unasimama kila baada ya sekunde chache, na kila unapoanza upya kuna mpango umechaguliwa. Timu ikishambulia, Reid huchagua mwenyewe. Mtazame: ameshika likaratasi gumu lililojaa maandishi ya rangi, kaziba nalo mdomo wapinzani wasisome midomo, na mpango wake unamfikia kwotabeki, yule mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, kupitia spika ndogo iliyo ndani ya kofia yake. Ni hivyo mechi nzima.

Hakuanzia juu. Alicheza mstari wa mbele chuo cha Brigham Young, kazi ya kusukumana isiyo na jina. Miaka ya 1980 akafundisha chuo cha San Francisco State, timu haina hela, makocha wanauza hotidogi kuichangia. 1992 akawa msaidizi Green Bay, 1999 Philadelphia wakampa timu. Miaka 14 pale alifika Super Bowl, fainali ya ligi, mara moja, akafungwa na timu ya Patriots 24-21. Agosti 2012 akafiwa na mwanawe kambini. Msimu ukaisha ushindi 4, vipigo 12. Wakamfuta kazi. Chiefs, walioshinda mechi 2 tu kati ya 16, wakamdaka ndani ya siku chache.

Msimu wa kwanza, ushindi 11. Kisha Januari 2014 mtoano na Indianapolis, tunaongoza 38-10. Nikazima TV, nikaenda zamu ya jioni ghalani huku naimba. Nafika, jamaa wa foklifti haniangalii usoni. 45-44, na tuliofungwa ni sisi.

Ndiyo maana walimcheka kwamba hajui kutunza saa, yaani kuutumia vizuri muda wa mechi. Hata mimi nilimsema sana. Lakini 2017 alimchukua Mahomes, kwotabeki kijana, akamkalisha benchi karibu msimu mzima nyuma ya kwotabeki mzoefu Alex Smith. Kocha mwenye presha angemwingiza siku ya kwanza. Kwangu uamuzi ule unazidi makombe.

Februari 2020, fainali Miami, robo ya nne, 49ers wa San Francisco wanaongoza 20-10, tunahitaji kusogea yadi 15 ili tubaki na mpira na limebaki jaribio moja la maana. Mke wangu akasema zima tulale, kesho kazi. Nikakataa, nilishakoma. Mahomes akarudi nyuma mbali, akaurusha mpira, mwenzake Tyreek Hill akaudaka akiwa peke yake kabisa: yadi 44. Tukashinda 31-20.

Akabeba tena 2023, kwa kuwafunga Philadelphia walewale 38-35, na tena 2024. Mwaka 2025 Philadelphia wakalipiza, 40-22. Siku ile mke wangu hakulazimika kusema mara mbili.