Walimu wapya wa Kifaransa, wekeni kwanza kalamu nyekundu chini

Wiki iliyopita nilikaa dawati la nyuma kumtazama mwalimu wa BTP, yaani mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, akifundisha kidato cha pili. Andalio lake la somo lilikuwa safi, ubao umejaa vitenzi être na avoir kuanzia je mpaka ils. Wakafika kwenye zoezi la bei. Binti mmoja ambaye kwao ni Goma akajibu "nonante" kwa 90. Mwalimu akacheka, na darasa lote likacheka naye. Fomu ya tathmini nikaiacha wazi kwa muda, kwa sababu kosa lile la mwalimu nalijua. Nililifanya mimi kabla yake.

1. Jueni mlikotokea. Wengi wetu tunaofundisha Kifaransa hapa Tanzania tumepita njia mbili. Kuna sisi tuliokutana nacho darasani tukakifuata mpaka chuo kikuu, na kuna wenzetu waliokulia Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura, waliosoma hesabu na jiografia kwa Kifaransa. Sisi tunajua sababu ya kila kanuni, lakini midomo ni mizito. Wao wanaongea kama maji, ila mwanafunzi akiuliza kwa nini tunasema "j'ai mangé" (nimekula) kwa avoir, halafu "je suis allé" (nimekwenda) kwa être, wengine humjibu kwamba ndivyo isemwavyo, basi. Nimefanya kazi na Mrundi mmoja tukawa tunabadilishana vipindi: Jumanne namfundishia sarufi, Alhamisi ananifundishia mazungumzo. Wanafunzi wetu hawajawahi kunufaika kama mwaka ule. Tafuteni mtu wa namna hiyo.

2. Namba. Hapa naomba mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili kazini niliingiziwa darasani kijana aliyehamia Dar na wazazi wake kutoka Bukavu. Nilitoa imla ya namba, kisha nikawaita mmoja mmoja wasome majibu kwa sauti. Ilipofika 75, alisoma "septante-cinq". Nikamwambia asome tena. Akasoma vilevile, kwa utulivu kabisa. Mimi niliyefundishwa soixante-quinze, na ambaye sikuwahi kusikia lingine, nikasema mbele ya watoto arobaini: "Hicho si Kifaransa. Hapa tunasoma Kifaransa sanifu." Nikamkata alama nne. Wenzake wakampa jina la Septante, wakamwita hivyo uwanjani, foleni ya chakula, hata kwenye basi.

Baada ya wiki tatu mama yake alikuja shuleni. Hakugomba. Alinisalimia, akakaa, akasema: "Mwalimu, mimi nimesoma kwa namba hizo, na baba yangu pia. Naomba unieleze kosa liko wapi, ili nimsaidie mtoto nyumbani." Nikamweleza kwa kujiamini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka. Mchana tukinywa chai nikamsimulia yule mwenzangu Mrundi, nikitegemea aniunge mkono. Aliweka kikombe mezani akaniuliza: "Unajua Congo, Rwanda na Burundi zilitawaliwa na nani?" Nikajua pale pale. Wabelgiji husema septante kwa 70 na nonante kwa 90, na shule walizoziacha zilipopata uhuru, Congo mwaka 1960, Rwanda na Burundi mwaka 1962, ziliendelea kuhesabu hivyo. Waswisi nao husema hivyo hivyo. Kamusi iliyokuwa juu ya meza yangu mwaka mzima ilikuwa na maneno yote mawili.

Kesho yake nilimrudishia alama nne na kumwomba radhi mbele ya darasa lile lile. Alisema "merci, madame", akakaa. Lakini hakunyoosha mkono tena mpaka mwisho wa muhula, na mwaka uliofuata wanafunzi walipochagua masomo, aliacha Kifaransa. Mtoto aliyekuwa anakijua kunizidi! Hilo sijalizoea mpaka leo.

3. Matamshi. Mtoto wa Kiswahili husoma kila herufi aionayo, kwa hiyo "ils parlent" itatoka na "-nt" yote mdomoni, ingawa haitamkwi. Asikie kwanza, ubao baadaye. Kwa sauti ya u katika "tu" ya Kifaransa, mwambie aseme i huku midomo ameiviringa kama anapuliza moto.

4. Jinsia ya nomino msiifanye kitisho. Mtoto anayesema "kiti kizuri, viti vizuri" bila kufikiri ameshaelewa upatanisho; anzeni na ngeli. Na "vous", ile "wewe" ya heshima, waelezeni kwa shikamoo. Niliwahi kuuliza darasa ni nani wa kuambiwa "vous", mmoja akajibu, "Yule ambaye usipomwamkia unapigiwa simu nyumbani." Sijawahi kupata maelezo bora zaidi.

5. Acheni kulewa majedwali ya vitenzi. Nimelelewa nayo na bado nayapenda, lakini DELF, ule mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, ina stadi nne, kila moja alama 25. Kufaulu ni 50 kwa 100, na aliyepata chini ya 5 kwenye stadi yoyote ameanguka, hata kama kwingine kote kajaza. Nimewaona waliomaliza maandishi kwa raha, wakaingia kwa mtahini, wakaulizwa tu wanaishi wapi, wakanyamaza. Kila kipindi, kila mtoto aseme angalau sentensi moja yake mwenyewe, si ya kitabu.

Na wewe mdogo wangu wa BTP, najua utasoma hapa. Una sauti nzuri, na watoto wanakupenda. Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza, mwite yule binti wa Goma. Usimpe hotuba. Mwombe radhi, kisha akiwa tayari, mwombe aje ubaoni awahesabie wenzake kuanzia septante hadi nonante-neuf, nawe ukae pale dawati la nyuma nilipokaa mimi, umsikilize.