Kabla hujampelekea mhariri hadithi ya wavuvi

Hadithi yangu ya kwanza ya uvuvi nilimsomea mzee mmoja wa Shela, kule Lamu, nahodha aliyekwisha kuacha bahari, huku akishona nyavu barazani kwake. Ndani yake mlikuwa na wanawake watatu wakichokoa pweza mbali kabisa juu ya mwamba, asubuhi, na mwezi nusu bado umetundikwa angani. Nilijivunia sana ule mwezi. Mzee akasimamisha sindano.

"Mwanangu, mwezi nusu ni mai mafu. Mwamba hautoki. Wake zako wote watatu wamezama."

Mai mafu ni maji yasiyojaa sana wala kupwa sana. Basi wewe unayeanza, tafuta kwanza kujua maji. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na huku kwetu siku hizo maji hupwa sana yapata saa nne za asubuhi. Hapo ndipo mwamba hutoka. Upepo nao una miezi yake: ukiweka kisa chako Julai, kusi limechacha, usimtoe mtu na kijitumbwi nje ya mwamba halafu umrudishe akiimba. Mtie ndani ya mkondo, kwenye mikoko, au muache nyumbani deni la dukani likipanda. Mimi hilo deni naliona lina hadithi kuliko papa yeyote.

Tena usiandike "samaki" ukaridhika. Tafi ana miiba yenye sumu. Anayemtoa kwenye malema, ile mitego ya samaki, bila hadhari, usiku ule halali. Ukijua hilo, mkono wa mhusika wako utakwenda taratibu wenyewe, na huna haja ya kutuambia kwamba ni mzoefu.

Mazungumzo yaonje Kiamu, Kiswahili cha Lamu, lakini kwa kipimo. Niliwahi kumpa nahodha neno "Ndoo!", yaani njoo, likapita hivyo hivyo hadi gazetini. Wasomaji wa bara wakadhani anataka ndoo ya maji. Siku hizi nikiliweka, mtu hugeuka akaja, na msomaji akaelewa.

Kile kisa nilikiandika upya, mwezi nikauondoa, wanawake nikawapeleka bamvua. Nilipomsomea tena, mzee hakusema zuri wala baya. Aliuliza tu yule wa pili alipata pweza wangapi.