Nisomee upasuaji Mulago au nibaki Arua?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 31, ni daktari wa serikali hapa Arua, Uganda, nina mke na watoto wawili. Natamani ubingwa wa upasuaji. Chuo Kikuu cha Makerere, kinachofundishia hospitali ya Mulago huko Kampala, ni miaka mitatu na karo najilipia. Wenzangu wananishauri nifuate chuo cha COSECSA, nijifunze nikiwa kazini. Mke wangu ana duka sokoni, hataki kuhamia Kampala. Nishike lipi?
Daktari kijana, Arua

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mimi nilipitia Mulago, na leo nasimamia vijana wa COSECSA, kwa hiyo njia zote mbili nazijua.

Mulago utaona magonjwa. Ajali za bodaboda usiku kucha, matumbo yaliyotoboka, saratani zilizochelewa. Ni huko mpasuaji Denis Burkitt alikokutana na watoto wenye uvimbe wa taya, akaandika juu yake mwaka 1958. Ila wanafunzi nao ni wengi, mgonjwa mmoja wa ngiri anagombewa. Tasnifu usiidharau, inawachelewesha wengi. Halafu kuna fedha. Humu nchini anayesomea ubingwa hulipa karo huku akishika zamu kama mwajiriwa, na madaktari hao wamegoma zaidi ya mara moja wakidai posho. Kwangu hiyo ni dhuluma, na nitaisema popote.

COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa ukanda wetu, kilianzishwa 1999 na makao yake yako Arusha. Hakina kumbi za mihadhara, unajifunzia hospitalini. Miaka miwili unafanya mtihani wa uanachama, mitatu mingine unapata ubingwa wa upasuaji wa jumla. Mshahara hausimami, na kila upasuaji unauandika kwenye daftari la mtandaoni. Lakini kila kitu kinamtegemea bingwa uliye naye. Akihamishwa, umebaki na kisu na kitabu. Nimewapokea vijana hodari waliojifundisha wenyewe hivyo; kuwaondolea mazoea mabaya kulichukua muda mrefu kuliko kuwafundisha mapya. Tena hospitali lazima iwe imeidhinishwa na chuo. Ulizia ya Arua kabla hujapanga lolote.

Kwako wewe, anza kwa kuomba likizo ya masomo yenye mshahara, kwa maandishi. Ukiipata, nenda Mulago au chuo kikuu cha Mbarara. Mama watoto abaki na duka lake, maana ndilo litakalolisha nyumba karo ikibana. Basi la usiku lipo. Ongea naye kwanza, usimletee uamuzi uliokwisha.

Ukinyimwa, usijiuzulu. Tangu 2022 daktari wa serikali analipwa shilingi milioni 5 kwa mwezi, na mwenye watoto wawili haachi mshahara huo mkononi. Hapo fuata COSECSA, ila chagua hospitali yenye mabingwa wawili au zaidi, mmoja akiondoka usikwame. Kabla ya kulipa ada ya maombi, omba ruhusa ushinde na ulale huko Ijumaa hadi Jumatatu. Waulize vijana wa zamu, bosi asipokuwepo: saa nane za usiku tumbo likifunguliwa, nani anasimama ng'ambo ya meza? Wakikutajia jina bila kutazamana, jaza fomu.