Mwanangu, kuhusu zile sahani tano

Mwanangu, marahaba. Sisi huku wazima, mama yako anakusalimia, na binti yako anaendelea vizuri, ila vumbi la msimu huu na huu upepo wa Dodoma unavyoujua, kikohozi kidogo tu.

Juzi kwenye simu uliniuliza, nikakujibu juu juu maana nilikuwa na mteja kaniletea redio imekufa. Ulisema, baba, laki na ishirini kwa sahani tano za santuri, tena za Wazungu, nyimbo zenyewe haziishi, maneno huyaelewi yote, na simu yako ina kila kitu, hivi unasikia nini humo? Najua hukuuliza kwa ubaya mama. Leo nimefunga kibanda mapema nikujibu vizuri.

Nilizipata kwa familia moja ya wageni pale Area C walikuwa wanahama, wanauza vitu vya ndani, mi nilienda kuangalia amplifaya, amplifaya yenyewe ilishaungua transfoma, lakini pembeni kwenye boksi nikaona sahani, na moja ina sura ya mtu anapiga kelele, pua imetanuka, macho yametoka, hakuna hata neno moja limeandikwa mbele. Nilishika ile nikajua siondoki bila hiyo.

Hiyo ni In the Court of the Crimson King, ya bendi ya King Crimson, ya mwaka 1969. Kijana aliyechora lile kava anaitwa Barry Godber, alifariki Februari 1970, ana miaka 24 tu, sahani haijamaliza hata miezi mitano sokoni. Binti yako alivyoiona alikimbia kwa bibi yake, nikaigeuza ikaangalia ukutani.

Sasa nikwambie kitu ambacho wengine wanaweza wasikuambie lakini mimi fundi lazima nikwambie. Humo ndani kuna sauti ya nyuzi, kama watu ishirini wanapiga vayolini kwa pamoja, inapanda inakufunika kabisa, hasa kwenye Epitaph. Hakuna vayolini hata moja. Ni kinanda kinaitwa Mellotron, na kila kitufe chake chini kina mkanda wake, mkanda kabisa kama wa kaseti ila mpana zaidi, umesharekodiwa ile sauti. Ukibonyeza, mkanda unavutwa unapita kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma sauti, unapata kama sekunde 8 hivi halafu umeisha, ukiachia kidole springi inaurudisha mwanzo. Yaani mpigaji, Ian McDonald, anapiga huku anajua kila noti ina sekunde zake, lazima aachie kabla haijakata. Miaka yangu yote nafungua deki, nanyoosha mikanda iliyotafunwa, nasafisha hedi kwa spiriti na pamba, sikuwahi kufikiri kuna watu walikaa wakatengeneza ogani nzima ya mikanda! Na ile sauti inayumba kidogo, inatetemeka, kwa sababu ni mota inavuta mkanda na mota haiwezi kunyooka moja kwa moja, na kule kuyumba ndo kunakofanya iwe na huzuni vile. Nimeisikiliza usiku mara tatu mfululizo mama yako kalala.

Kuhusu nyimbo kutokuisha. Wewe umekulia kwenye nyimbo za dakika tatu, lakini muziki wa dansi wa kwetu haukuwa hivyo, wimbo ulianza taratibu, watu wanaimba hadithi, halafu magitaa yanachangamka inakuja ile ya kuchezea, na kwenye zile sahani ndogo ilibidi wimbo ukatwe vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili unageuza. Babu yako alikuwa nazo. Kwa hiyo mi wimbo mrefu haunipi shida. Shida ni wimbo mrefu usio na pa kwenda, na humu upo, ile Tarkus ya Emerson, Lake & Palmer ya 1971, upande mzima wa kwanza ni wimbo mmoja na kibodi zinakimbizana mwanzo mwisho, mikono ya yule Keith Emerson ni ya ajabu sikatai, lakini nilimaliza nimechoka na sikukumbuka hata tyuni moja. Hiyo nitampa mtu.

Ila sikiliza Close to the Edge ya bendi inaitwa Yes, 1972. Nayo upande mzima ni wimbo mmoja, kama dakika 18 na nusu na zaidi. Inaanza na ndege wanalia na maji yanatiririka, mara bendi inaingia kwa fujo kama watu wanagombana, unataka kuzima, usizime, maana katikati kunatulia kabisa kama uko ndani ya pango halafu inaingia ogani ya kanisa, na ni ya kanisani kweli, Rick Wakeman alienda kuipiga kwenye kanisa moja London. Baada ya hapo ile tyuni ya mwanzo inarudi lakini imekua, imekuwa kubwa, halafu wanakuachia tena na walewale ndege. Mara ya kwanza umeme ulikatika palepale kwenye ogani, sahani ikazunguka yenyewe inapungua inapungua mpaka ikasimama, nikakaa gizani nangoja karibu saa nzima sitaki hata kuinua sindano.

Hapo ndo nilianza kuelewa nasikia nini humu. Kitu kinaondoka, unakisahau, kinarudi kina sura nyingine na unakijua ni kilekile. Kwenye simu unaruka ruka, hicho hukipati, maana lazima kwanza ukae mpaka ukisahau.

Ya nne ni Selling England by the Pound ya Genesis, 1973, ndo naipenda kuliko zote. Kuna wimbo Firth of Fifth, unafungua kwa piano peke yake, Tony Banks, vidole vinatembea kwa hesabu ambayo nimejaribu kuigonga mezani nimeshindwa. Mbele kidogo inakuja filimbi, tyuni ndogo ya upole, inapita kama haina maana, halafu dakika kadhaa baadaye Steve Hackett anaichukua ileile tyuni kwa gitaa, anaivuta taratibu sana, noti moja anaishikilia mpaka unajiuliza atapumua saa ngapi.

Aliyepuliza ile filimbi na ndiye mwimbaji ni Peter Gabriel. Aliacha bendi mwaka 1975, baadaye akaanzisha lebo yake ya kutoa muziki, Real World, na hiyo lebo ndo ilitoa albamu ya Chibite ya mzee Hukwe Zawose, mwaka 1996. Zawose wa huku kwetu, Mgogo mwenzetu, zeze na marimba! Unakumbuka ulivyokuwa mdogo niliweka ile sauti yake inayopanda juu nyembamba halafu inashuka chini kama ngurumo, ukaniuliza wako wangapi nikakwambia ni mmoja. Chibite si unajua maana yake, twende. Kwa hiyo ukisema nyimbo za Wazungu, sawa, ni za Waingereza na ni za kwao kabisa, lakini sikio la yule mtu lilifika mpaka Ugogoni, na mimi nikisikia ile filimbi halafu nikaweka marimba za mzee naona ni sikio lilelile, linapenda kitu kijirudie rudie mpaka kikufungulie mlango. Mama zako wadogo wakicheza ngoma ya muheme kule kijijini, sauti zinavyopishana moja inaingia kabla nyingine haijatoka, hakuna anayeangalia saa.

Ya tano. Hii sikupenda kukwambia kwa simu.

Wish You Were Here, Pink Floyd, 1975. Wimbo mmoja, Shine On You Crazy Diamond, una sehemu tisa, wameukata mara mbili, tano zinafungua sahani na nne zinaifunga. Gitaa la David Gilmour linapiga noti nne tu, linanyamaza, linapiga tena. Mtu haimbi mpaka dakika ya nane imepita. Wanamwimbia mwenzao Syd Barrett, aliyekuwa kiongozi wao mwanzoni, akaugua akili, wakaendelea bila yeye. Na tarehe 5 Juni 1975, wako studio Abbey Road wanaushughulikia huohuo wimbo wake, akaingia mtu mnene, kanyoa kichwa na nyusi, kasimama tu. Walikaa naye muda hawamjui, kumbe ndo yeye.

Mama, unamkumbuka yule rafiki yangu wa gitaa la solo, wa bendi yetu ya mtaani pale Chang'ombe, aliyekufundisha kupiga mluzi? Alipougua alitibiwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, muda mrefu, mi nilienda mara mbili halafu nikaacha kwenda. Nilijiambia ni kazi. Siku moja akaja mtu kibandani, amenenepa, anatembea taratibu, akaomba betri mbili za redio, nikampa, nikampa na chenji, akasimama kidogo kama anangoja kitu, halafu akaondoka. Alivyofika kule kwenye kona akapiga mluzi. Nilikimbia lakini pale sokoni Majengo saa kumi jioni si unajua watu walivyo, sikumwona. Alifariki mwaka uliofuata.

Sijawahi kumwambia mtu hii, hata mama yako. Kwa hiyo zile noti nne zikilia mi namsikia yeye anapasha gitaa, na upande wa pili ule wimbo unaporudi mwishoni huwa nazima taa. Ndo ninachosikia humo.

Ukija Desemba nitafutie Kariakoo mkanda wa mpira wa kuzungushia sahani, kipimo nitakutumia, huu niliofunga ni wa deki unateleza, piano ya Firth of Fifth inazama kidogo pale mwanzo na inaniuma. Na upange kukaa siku mbili angalau, jioni moja tusikilize hiyo upande wa kwanza wote bila kuinuka. Binti yako ameshazoea, jana alienda mwenyewe akaligeuza lile kava la mtu anayelia, akaliangalia muda, akaniuliza, babu, huyu kafanywa nini?

Baba yako