DNA peke yake haitakupa jina la tumbawe jeusi

SWALI: Daktari, shikamoo. Nimemaliza digrii ya zuolojia Maseno na kwa sasa nafanya kibarua kwenye vizimba vya samaki hapa Kisumu. Nataka kubobea katika uainishaji wa matumbawe meusi. Kuna mtu anauza kozi ya wiki mbili mtandaoni. Anasema hadubini imepitwa na wakati, siku hizi unatuma kipande maabara na DNA inakupa jina. Nilipe?

JIBU: Marahaba. Usilipe. Swali hili hunijia kila mara na linaniudhi sana, maana wanaoibiwa ni vijana wenye bidii kama wewe.

Maabara haitoi jina. Inatoa mfuatano wa DNA, kisha kompyuta inautafutia mwenzake wa karibu kwenye hifadhidata. Jina utakaloliona hapo liliandikwa na binadamu. Ikiwa hakujua kusoma miiba midogo ya kiunzi cha tumbawe, umerithi kosa lake, na ukichapisha, atakayekufuata atalirithi kwako.

Tena kwa matumbawe tatizo ni kubwa zaidi. Jeni za mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), ambazo kwa wanyama wengi hutenganisha spishi vizuri, kwa matumbawe hubadilika polepole mno. Spishi mbili zinazotofautiana waziwazi chini ya hadubini zinaweza kuwa na mfuatano ule ule. Hata furu, wale samaki wa ziwa lenu la Victoria, mamia ya spishi, hawatenganishiki kwa kipande kimoja cha DNA ya mitokondria. Wao ni kwa sababu wameachana juzijuzi tu.

Kinachosomwa ni miiba: urefu wake, ncha zake, ni laini au ina vinundu, imepangwaje. Kisha ukubwa wa polipi, yaani vinyama vidogo vinavyounda tumbawe, na mpangilio wa vitawi. Kwa sifa hizo mtaalamu wa uainishaji Dennis Opresko alizipanga upya familia za Antipatharia, yaani matumbawe meusi, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisemi DNA haina kazi. Ndiyo iliyoonyesha kwamba mpaka wa zamani kati ya jenasi mbili za matumbawe meusi, Cirrhipathes na Stichopathes, uliotegemea safu za polipi, hausimami. Lakini waliogundua hilo walikuwa na vielelezo mkononi.

Kwa hiyo sampuli igawe: kipande kwenye ethanoli kwa ajili ya DNA, kingine kwenye formalini ili polipi zihifadhi umbo, kingine kikavu kwa hadubini ya elektroni. Vyote vibebe namba moja. Na usiposti chochote nje ya nchi kiholela. Antipatharia wote wako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1981, na bila kibali ni kesi.

Mazoezi anza hapo ulipo. KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wana kituo Kisumu. Omba kujitolea, ujifunze kuainisha furu, kuchora, kupima na kuandika lebo. Mkono ukizoea, bahari utaikuta tayari.

Hawa wa njia za mkato wako kila mahali. Wengine hutaja spishi kwa picha ya simu tu, na majina yao huishia kwenye ripoti zinazoamua kipi kivunwe. Tumbawe jeusi moja la jenasi Leiopathes kutoka Hawaii lilipimwa likakutwa na umri wa miaka 4,265 hivi. Mnyama kama huyo akipewa jina la mwingine akakatwa, hakuna atakayeishi kuona pengo likizibwa. Anayekuuzia kozi mwulize: vielelezo ulivyoainisha wewe viko makumbusho gani, na kwa namba zipi? Asipojibu, pesa zako ziweke nauli ya Mombasa.