Kivuli cha viraka

Swali: Shangazi, nashona mfarishi wa viraka. Nimevizungushia kanda nyeusi vionekane vina kivuli, lakini naona madirisha tu. Nifanyeje?

Jibu: Fumua, mwanangu. Kivuli hakizunguki, huangukia upande mmoja. Shona ukanda chini na kulia tu, na viraka vyote vifuate hivyo hivyo. Ukikata ukanda wa sentimita 3, mishono ikishakula zinabaki 1.5, zinatosha. Sasa siri yenyewe: ncha ya kushoto ya ukanda wa chini, na ncha ya juu ya ule wa kulia, unga kipande kidogo cha rangi ya kitambaa kinachotenganisha viraka. Hapo kiraka kinanyanyuka! Nyeusi tii siipendi. Kijivu kilichokolea hudanganya jicho vizuri zaidi. Mishono ilaze kwa pasi kuelekea kwenye ukanda.