Fedha za mwezi wa Kumi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na swali lako nimelisoma mara mbili mbele ya baba yako. Umeuliza kwa nini kila mwezi wa Kumi tunapokea fedha za kaya 23 za mjini Tabora, malipo ya vikapu vya mazao ya msimu unaokuja, kabla tone la mvua halijaanguka, na kama mhasibu unaona kuwa tunajitwika deni lisilo na dhamana.

Deni ninalifahamu. Babu yako alilima tumbaku, naye pia alipewa vitu kabla ya mvua: mbegu, mbolea na dawa zilikuja kwa mkopo kupitia chama cha msingi, kisha gharama yake ikakatwa siku ya mauzo. Mwaka ambao mvua ya mawe iliyachana majani yote, mbolea iliyokwisha kuyeyuka ardhini iliendelea kudaiwa vilevile, tukauza ng'ombe wawili. Wanachama wetu, yaani kaya hizo 23, hutoa fedha katika mwezi uleule, lakini mvua ikikatika hupungukiwa pamoja nasi, wala hakuna anayekuja kuhesabu ng'ombe. Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Wajapani wameuita teikei, yaani ushirikiano, tangu miaka ya 1970, na huko Marekani mashamba ya kwanza ya namna hii yalianza mwaka 1986, Massachusetts na New Hampshire.

Fedha hizo hutukuta ghala likiwa limebaki vumbi. Kwa hizo tunawalipa vibarua wa kuinua matuta, na kwa kuwa hatutumii mbolea ya dukani, majani na samadi hufukiwa ndani ya tuta, yaoze mvua za Novemba zikianza. Alama ya Kilimohai, inayothibitisha mazao yaliyolimwa bila kemikali za viwandani, hatuna, kwa hiyo wanachama huja wenyewe kutazama, na wengine huondoka na matope hadi magotini. Kikapu cha Desemba huwa chepesi: mchicha, msusa na mlenda, kwani maembe hapa Tabora hakuna anayesubiri kuletewa. Uzito huja Machi, mahindi mabichi na karanga zikikomaa, halafu mpunga wa mbugani na viazi vitamu. Viazi ndivyo vinavyotuvusha kiangazi, kwa kuwa vinavyokatwa vibichi na kuanikwa huwa michembe, na vinavyochemshwa kwanza huwa matobolwa, ambayo wanachama wenye wazazi wa Kinyamwezi huyagombea kuliko asali.

Najua unakumbuka msimu uliopita, maana ndio uliokutia hofu. Mvua ilikatika wiki tatu katika mwezi wa Pili, viwavijeshi wakaingia kwenye mahindi, na majivu pamoja na maji ya mwarobaini tuliyonyunyiza hayakutosha. Kwa majuma sita mfululizo vikapu vilibeba matembele na mlenda tu. Mwanachama mmoja alirudisha kikapu chake mlangoni akisema kuwa matembele hata uani kwake yapo, na alikuwa na haki ya kukasirika. Si kwa sababu mvua ilikatika, bali kwa sababu nilinyamaza. Niliona haya kuwaambia mapema kwamba mahindi yamekauka, wakaja kuligundua wenyewe ndani ya kikapu. Baada ya hapo niliwaita wote shambani, wakayaona mabua. Kaya mbili zilijitoa, 21 zikabaki, na nafasi zile mbili zilijazwa kabla ya Juni.

Kwa hiyo, mwanangu, sikatai kwamba tunawiwa kitu. Tunawiwa kazi ya msimu mzima, fungu la chochote kitakachoota, na habari za shamba kabla hazijawa mbaya. Hatuwiwi kilo. Hilo halijaandikwa popote isipokuwa vichwani mwetu, na hapo ndipo hofu yako ina msingi. Naomba uniandalie karatasi moja ya makubaliano, kwa Kiswahili chepesi, itakayosomeka kwa mzee asiye na miwani, uitume kabla ya mwisho wa Septemba. Baba yako ameshaanza kufyeka majani ya kufukia, ingawa mgongo unamsumbua.

Mama yako.